Wameacha uozo ndani ya jino langu, wakaliziba. Wamenifanyia majaribio?

"Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Dar es Salaam. Wiki tatu zilizopita nilikwenda kliniki ya meno ya chuo kwa sababu bei yake ni nafuu. Gego langu la chini upande wa kulia lilikuwa na tundu. Likigusa maji baridi au kitu kitamu linauma, lakini halijawahi kuninyima usingizi. Alinihudumia mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Alinichoma ganzi, akachimba polepole karibu saa mbili, kisha mwalimu wake akaja, akachungulia, akakwaruza kidogo na kusema: 'Hapo katikati usiguse tena. Safisha kingo, uzibe.' Niliomba kioo, nikaona kwa macho yangu kuna kitu cha kahawia kimebaki chini ya tundu. Wakaziba juu yake kwa dawa nyeupe, wakaniambia nirudi baada ya miezi sita. Tangu siku hiyo maji baridi yananishtua kwa sekunde chache tu, halafu basi. Nikaenda kwa daktari mwingine, akapiga picha, akanionyesha kivuli cheusi chini ya kizibo. Anasema uozo umeachwa, lazima lifumuliwe na kutibiwa mzizi. Wifi yangu naye anasema wagonjwa wa vyuoni ni wa kujifunzia tu. Nifumue? Ning'oe? Na nikirudi kule, nirudi kwa mwanafunzi yule yule?"

Dada yangu, nitakupa jibu kabla ya maelezo, maana najua hukuandika ili usomeshwe. Kwa hayo uliyoeleza, usifumue na using'oe. Kile ulichokiona kwenye kioo hakikusahauliwa. Kiliachwa kwa makusudi, na mwalimu aliyesema "usiguse tena" huenda ndiye aliyekuokolea jino. Nasema "huenda" kwa sababu sijaingiza kioo kinywani mwako wala sijaiona picha yako, na huko chini nitakueleza dalili ambazo ukiziona, haya yote ninayokwambia uyaweke pembeni na uende kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nikikuelewa vizuri, kinachokuuma kuliko jino ni kuhisi umedharauliwa: umelipa, umekaa na mdomo wazi saa mbili, halafu wamefunika uchafu na kukuaga. Ningekuwa wewe ningekasirika vilevile. Basi tuanze na huo "uchafu."

Wengi wetu tumekua tukiambiwa jino linatobolewa na mdudu. Kama ni mdudu kweli, basi kumfungia ndani ni wazimu, kwa sababu atakula mpaka atokee upande wa pili. Lakini hakuna mdudu. Kuna bakteria, na bakteria hao hawali jino. Chakula chao ni sukari na wanga tunaokula sisi. Wakishiba wanatoa tindikali, na hiyo tindikali ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Ganda gumu la nje, yaani enameli, huanza kupoteza madini pale pH juu yake, yaani kipimo cha tindikali ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo ukali unavyopanda, inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Dentini iliyo chini ya ganda hilo ni laini zaidi, nayo huanza kulegea mapema kuliko hapo. Kwa hiyo uozo si kiumbe kilichojichimbia handaki. Ni mahali ambapo madini yameyeyuka, na panaendelea kuyeyuka maadamu sukari inafika.

Ukilielewa hilo, swali lenyewe linageuka. Badala ya kuuliza bakteria wangapi wamebaki, uliza waliobaki wanakula nini. Kizibo kikikaa vizuri, kingo zikashikana na jino bila mwanya, sukari ya chai yako haiwafikii. Wengi hufa, wachache hubaki wamelala bila kazi. Madaktari waliowahi kufungua tena meno ya namna hii baada ya miezi kadhaa walikuta dentini iliyokuwa tepetepe imekauka, imekuwa ngumu na imekolea rangi, na bakteria wamepungua sana. Huku chini, kiini cha jino, ile nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu ambayo wengi huiita tu "mshipa," nacho hakikai kimya. Seli zilizopanga mstari ukingoni mwake hujenga dentini mpya kwa ndani, kama mwenye nyumba aliyeona ukuta wa nje unamomonyoka akaanza kuinua mwingine sebuleni. Kazi hiyo inataka muda na utulivu. Ukichokonoa mpaka ukakitoboa kiini, umeubomoa ukuta ambao mwenyewe alikuwa anaujenga.

Mabishano haya ni ya zamani kuliko wifi yako na mimi. Mwaka 1859 daktari Mwingereza John Tomes alishauri kwamba ni heri kuacha tabaka la dentini iliyobadilika rangi likilinde kiini kuliko kuhatarisha jino zima. Mwaka 1908 Mmarekani G.V. Black, ambaye fani yetu ya kuziba meno ilimfuata kama imamu, akasema kinyume: heri kiini kionekane kuliko kubaki kimefunikwa na dentini laini. Black alishinda, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata vyuo vilifundisha ya Black. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Tulikuwa tunachimba mpaka kile chuma chembamba chenye ncha kikipitishwa sakafuni mwa tundu kilie kama ukucha kwenye kigae. Kisipolia, bado hujamaliza.

Nikiwa mwanafunzi nilimtibu dereva wa bajaji, kijana mwenye gego kama lako, maumivu kama yako. Nilichimba kwa bidii. Sakafu ikaanza kulia vizuri, nikafurahi, nikaongeza raundi moja ili mwalimu asikute hata chembe ya kahawia. Ikatokea nukta moja nyekundu, ndogo kuliko kichwa cha pini. Kiini kilikuwa kimetoboka. Mwalimu alikagua kingo akasema kazi ni safi. Na kweli ilikuwa safi, ila jino sasa lilihitaji kutibiwa mzizi, yaani kutolewa kiini chote na kuzibwa njia zake mpaka mizizini, kijana hakuwa na pesa hiyo, akarudi baada ya wiki chache likang'olewa. Nilipata alama nzuri kwa jino ambalo leo halipo.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini mwalimu wa yule mwanafunzi alimsimamisha, nadhani naye ana nukta nyekundu yake anayoikumbuka. Lakini kumbukumbu si ushahidi, na ushahidi upo. Mwaka 1998 kulichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani ulioongozwa na Eva Mertz-Fairhurst: meno yenye matundu yaliyokwisha kuingia kwenye dentini yalizibwa huku uozo ukiachwa ndani, yakafuatiliwa miaka 10. Palipozibwa vizuri, uozo haukuendelea. Mwaka 2010 watafiti wa Denmark na Sweden walilinganisha watu wazima wenye uozo wa kina. Waliochimbwa mpaka mwisho kwa siku moja, kiini kilitoboka kwa asilimia 28.9. Waliochimbwa kwa awamu mbili, ya kwanza ikiacha uozo karibu na kiini, kilitoboka kwa asilimia 17.5.

Kisha Brazil wakauliza swali ambalo mimi nalipenda zaidi: hiyo awamu ya pili ni ya nini? Kama uozo umelala, kwa nini tumwamshe aliyelala? Walichukua karibu meno 300, nusu wakayaacha na uozo kidogo wakaziba moja kwa moja, kama ulivyofanyiwa wewe. Nusu nyingine waliyaziba kwa muda ili wayafungue tena na kumalizia. Baada ya miaka mitano, viini vilivyobaki hai vilikuwa asilimia 80 kwa kundi la kwanza na 56 kwa la pili. Sababu kubwa ya tofauti hiyo wala si sayansi ya bakteria. Wagonjwa wengi wa kundi la pili hawakurudi kumaliziwa. Kizibo cha muda kikavuja, sukari ikaingia, bakteria wakaamka. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya kliniki akiwa na biashara sokoni na mtoto mgongoni anajua kwa nini watu hawarudi.

Mwaka 2015 wataalamu wa uozo kutoka nchi mbalimbali walikutana Leuven, Ubelgiji, na makubaliano yao yakatoka mwaka uliofuata. Walikubaliana kwamba kwenye uozo wa kina, jino likiwa hai na halina dalili za kiini kufa, kingo za tundu zisafishwe mpaka penye ugumu, lakini sakafu iliyo karibu na kiini iachwe na dentini laini kiasi cha kutokitoboa. Hayo ndiyo karibu maneno yale yale uliyoyasikia ukiwa kwenye kiti: katikati usiguse, safisha kingo, ziba.

Mtu akikwambia hayo ni majaribio ya Wazungu kwa wagonjwa wa Kiafrika, mwambie historia ina kichekesho chake. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu wa kitengo cha meno cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walikabiliwa na swali la vijijini: unazibaje jino mahali pasipo na umeme? Wakachukua vijiko vidogo vya chuma, wakakwangua uozo uliolegea kwa mkono, wakaziba kwa saruji ya meno. Njia hiyo ikapelekwa Thailand na Zimbabwe, ikafanyiwa utafiti, na Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Haifanani kwa kila kitu na ulichofanyiwa wewe, lakini ni damu moja: ondoa kilicholegea, bakiza jino, funga vizuri. Fikra hii ilisafiri kutoka kwetu kwenda kwao kabla ya kurudi ikiwa imevaa suti.

Sasa twende kwenye ile picha, kwa sababu hapo ndipo meno mengi mazuri yanapoharibiwa na watu wenye nia njema.

Eksirei haioni bakteria wala haioni kama uozo umelala au uko macho. Inaona madini tu. Penye madini mengi panang'aa, pasipo na madini pana giza. Dentini iliyoachwa chini ya kizibo ilipoteza madini kabla hujaketi kwenye kile kiti, na mengi hayatarudi, kwa hiyo kivuli kitakuwapo mwaka huu na huenda hata miaka kumi ijayo, jino likiwa zima kabisa. Daktari wa pili alikiona kivuli, na kuona kwake ni sahihi. Alichokikosa ni habari ya jinsi kilivyofika hapo. Hakukosea kwa uzembe. Bila karatasi inayosema "uozo umeachwa kwa makusudi tarehe fulani," hata mimi nikikuta kivuli cha namna hiyo mwili unanisisimka. Kinachoamua ni kama kivuli kinakua, na hilo halijulikani kwa picha moja. Unahitaji mbili, moja ya mwanzo na nyingine ya baadaye, ziwekwe bega kwa bega. Miezi sita waliyokupa ni kwa ajili hiyo.

Nenda kliniki ya chuo wiki hii, si kutibiwa, kuomba maandishi. Omba waandike jino gani, tarehe, kwamba uozo uliachwa juu ya kiini kwa makusudi, na dawa gani iliyotumika kuziba. Omba na nakala ya picha. Ipige kwa simu uitunze, kisha utume kwa mtu mwingine wa nyumbani, maana simu huanguka chooni. Siku utakapokuwa Mwanza au Nairobi na daktari mpya akashtuka, unamwonyesha.

Kuhusu ile rangi ya kahawia iliyokutisha: rangi ni shahidi dhaifu. Uozo uliolala mara nyingi huwa mweusi zaidi kuliko unaoendelea, ambao huweza kuwa na rangi ya mchanga tu. Tunachopima ni ugumu. Nadhani umewahi kuwaona ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia tangu utoto. Hiyo ni floridi iliyozidi katika maji waliyokunywa meno yalipokuwa yanaumbika, na kahawia hiyo si uozo.

Mshtuko wa maji baridi sasa. Jino lililochimbwa kwa kina limeudhika, na kushtuka kwa sekunde chache baada ya baridi, kisha kutulia, ni lugha ya kiini kilicho hai kinacholalamika. Huchukua wiki kadhaa kupungua. Wewe uko wiki ya tatu, na unasema ni sekunde chache. Hapo mimi natulia. Nisingetulia kama ungeniambia maumivu yanaendelea dakika nzima baada ya maji kumezwa, au yanaanza yenyewe bila kuguswa, au yanakuamsha usiku, au chai ya moto inaumiza na maji baridi ndiyo yanayotuliza. Hizo ni dalili kwamba kiini kinakufa, na hapo daktari wako wa pili atakuwa amesema kweli: mzizi utibiwe. Fizi ikitoa kijipu karibu na jino hilo, au jino likahisi limerefuka na linauma ukiuma tonge, usingoje miezi sita. Na ikitokea shavu au chini ya taya panavimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri au kumeza kunakuwa kwa taabu, hiyo si ya kliniki ya kesho asubuhi. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura usiku huo huo. Maambukizi ya meno ya chini hushuka shingoni, na yakifika huko huua.

Swali moja kwa yule daktari wa pili, na umuulize kwa upole: aliligusa jino kwa kitu cha baridi na kulinganisha na jirani zake? Aligongagonga? Utambuzi wa kutibu mzizi hautoki kwenye kivuli cha picha peke yake. Unatoka kwenye namna kiini kinavyojibu. Kama alipima na akaona halijibu kabisa, basi nimekosa habari muhimu na ushauri wangu unabadilika.

Nikupimie njia ulizo nazo bila kukupamba. Kusubiri na kufuatilia ndiyo ninayoipendekeza, lakini si dhamana. Rudi kwenye ile asilimia 80 ya Brazil: maana yake hata kwa njia iliyofanya vizuri, jino moja kati ya matano lilishindwa ndani ya miaka mitano. Ukiwa wewe ndiye huyo mmoja, kutibu mzizi bado kunawezekana wakati huo, hujapoteza nafasi. Kufumua sasa ili "kusafisha vizuri" ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa jino lisilo na dalili. Unalipa tena, unalichosha tena, na unaongeza uwezekano wa ile nukta nyekundu. Kutibu mzizi ni tiba nzuri inapohitajika, na wala sitaki wasomaji waiogope, ila kwa jino hai ni kama kuhamisha familia yenye afya ili upulize dawa ya nyumba. Jino lililotibiwa mzizi limepoteza kiini na limetobolewa juu, gego la namna hiyo mara nyingi huhitaji kuvishwa kofia ili lisipasuke, na kofia ina bei yake. Siku hizi kuna na njia ya katikati, kuondoa sehemu ya juu tu ya kiini na kufunika kwa saruji maalumu, ambayo inafaa pale kiini kinapotoboka bahati mbaya. Iulizie ikifika huko, kwa sababu si kila mahali wanayo. Kung'oa nakuachia wewe uniambie kwa nini tungefikiria jambo hilo kwa jino linaloshtuka sekunde tatu.

Dawa nyeupe waliyokuzibia sijui ni ipi, na hilo ni jambo la kuuliza, kwa sababu maisha yote ya mpango huu yamelala kwenye kizibo. Kama ni saruji ya kioo, ile inayokorogwa unga na maji yake, iliyobuniwa na wakemia Alan Wilson na Brian Kent huko London, faida yake ni kushikana na jino kwa kemia na kutoa floridi kidogokidogo, na udhaifu wake ni kulika mapema kwenye gego linalotafuna sana, hasa tundu likiwa limekula na ubavu wa jino. Kama ni ile ngumu inayokaushwa kwa taa ya bluu, ni imara zaidi lakini haivumilii mate wakati wa kuwekwa. Zote zinakubalika. Watu bado huniulizia ile ya rangi ya fedha "ya zamani, inayodumu." Ni kweli inadumu, lakini karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa mataifa wa kupunguza zebaki, dunia inaiaga polepole, Umoja wa Ulaya uliiacha Januari 2025 isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu. Usiililie. Wewe chunga ukingo. Ukipitisha ulimi ukahisi ngazi au shimo, uzi wa meno ukianza kuchanika pale pale, au chakula kikianza kunasa, rudi hata kama huumwi. Kizibo kilichopata mwanya ndicho kinachowapelekea chakula wale waliolala.

Sukari nayo ina namna yake. Kikombe kimoja cha chai tamu ukakimaliza mezani kina madhara madogo kuliko kikombe hicho hicho unachokinyonya kidogokidogo kuanzia saa nne mpaka saa saba mchana, kwa sababu kila funda ni tindikali upya. Piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floridi, kati ya 1,000 na 1,500 kwa kipimo cha ppm kinachoandikwa kwenye boksi, kisha tema povu usisukutue kwa maji mengi.

Nimefika kwa wifi. Anasema wagonjwa wa vyuoni ni wa kujifunzia. Nusu ya maneno yake ni kweli, na sisi walimu tukikana tunadanganya. Yule kijana alikuwa anajifunza, na alikuwa anajifunza kwako.

Tatizo letu ni hili. Mwanafunzi wa meno huanza kwa kuchimba meno ya plastiki yaliyofungwa kwenye kichwa cha sanamu. Plastiki ni ngumu sawasawa kutoka juu mpaka chini. Anajifunza umbo la tundu, kina chake, milimita zake, na mkono wake unatulia. Lakini jambo gumu kuliko yote katika kuziba jino, yaani kujua usimame wapi, plastiki haina namna ya kumfundisha, kwa kuwa haiozi. Utafiti wa elimu ya meno umehangaika sana na pengo hili. Vyuo vingine vinatumia meno halisi yaliyong'olewa, vingine vimeanza kuchapa meno yenye tabaka laini ndani, vingine vina mashine za kuigiza zinazorudisha mguso mkononi kana kwamba unachimba kweli. Zote zinasaidia. Hakuna hata moja inayokwepesha siku ya kwanza ya mtu mwenye damu na wasiwasi.

Na kuna aibu nyingine ya ndani ya nyumba. Tafiti zilizouliza vyuo vya nchi mbalimbali zimekuta mara kwa mara kwamba havifundishi kitu kimoja kuhusu uozo wa kina. Hata ndani ya chuo kimoja, wape walimu wawili tundu moja walipe alama, utashangaa. Tunawaambia wanafunzi kuna jibu sahihi, kisha Jumatatu wanasimamiwa na mfuasi wa Black na Jumanne na mfuasi wa Tomes. Nimewahi kumkuta mwanafunzi wangu anauliza wenzake kwanza leo zamu ya nani, ndipo aamue achimbe kiasi gani. Sikumlaumu. Kwa hiyo daktari wa pili uliyemwona huenda hakukosea somo. Inawezekana alisoma wakati somo lilikuwa lingine.

Lakini nusu ya pili ya maneno ya wifi si kweli. Saa mbili ulizokaa zilikuchosha, ila kuna mtu wa pili aliyekuja kuangalia kabla halijazibwa. Kwenye kliniki yangu ya jioni hakuna anayekuja kuniangalia mimi. Kazi ya mwanafunzi hukaguliwa hatua kwa hatua, na katika jino lako ukaguzi huo ndio uliozuia mkono kwenda mbali. Bila yule mwalimu, kijana mwenye bidii angeendelea mpaka sakafu ilie.

Kosa nilionalo mimi liko kwingine. Hawakukueleza. Mwalimu alisema na mwanafunzi juu ya kichwa chako, na wewe ukabaki na kioo na rangi ya kahawia. Ulitakiwa kuambiwa kabla: "Mama, uozo uko karibu na mshipa, tunapendekeza kuacha kidogo kwa sababu hii, hatari ni hii, unakubali?" Ulikuwa na haki ya kukataa, na haki ya kukataa kutibiwa na mwanafunzi pia. Dakika mbili za maneno zingekuokolea wiki tatu za usingizi wa mashaka na pesa ya picha ya pili. Ukienda kuchukua maandishi, waambie hilo. Waambie mbele ya mwanafunzi, kwa adabu yako hiyo hiyo uliyoniandikia nayo. Atalikumbuka kuliko mhadhara wangu wowote.

Urudi kwa yule yule? Kama bado yupo, ndiyo. Anaijua sakafu ya jino lako kuliko mtu yeyote, na kwake kuona jino ambalo mkono wake ulizuiwa likiwa hai baada ya miezi sita ni somo ambalo ratiba za vyuo mara nyingi humnyima. Wengi wetu tulihitimu bila kuona hatima ya meno tuliyoyaziba. Lakini umesema yuko mwaka wa mwisho. Miezi sita ikifika anaweza kuwa ameshahitimu, yuko kwenye mafunzo ya vitendo mkoa mwingine. Muulize sasa faili lako anamkabidhi nani, na umwandike jina huyo nyuma ya kadi yako.